Notsi za daktari kwenye mfumo: tunamwandikia nani, na mashine zinazosikiliza zitamwandikia nani?

Tabibu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi wikiendi.

Miezi hii kwenye magrupu yetu ya WhatsApp habari ni moja: kuna mashine inakaa mezani, inasikiliza daktari akiongea na mgonjwa, mgonjwa akitoka tu notsi iko tayari kwenye skrini, daktari anapitia na kusaini. Wenzetu wa hospitali binafsi za mjini wameshaanza kuulizana bei. Mabishano yote ni kama itatupunguzia kazi au itatupokonya kazi. Mimi nina swali linalotangulia hayo: hiyo notsi ikishaandikwa, anaisoma nani?

Nipo Kanda ya Ziwa, hospitali sizitaji. Nilipokea mgonjwa wa rufaa usiku, mama wa miaka sitini na kitu, moyo umeshindwa kazi, miguu imevimba mpaka magotini. Amekuja na bunda la kurasa za printa zimebanwa kwa pini. Jina lipo, namba ya bima ipo, namba za magonjwa zipo, kila kipimo na bei yake kipo. Notsi ya siku ya kwanza inasema anahema kwa shida, apewe furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Ya siku ya pili ni maneno yale yale. Ya tatu vilevile, hadi herufi iliyokosewa imerudi pale pale. Siku ya tano dozi imeshushwa nusu na hakuna sentensi hata moja ya kusema kwa nini. Figo zilianza kugoma? Presha ilishuka? Dawa ilipungua stoo? Kila jibu kati ya hayo linanipeleka njia yake, na wa kunijibu saa nane usiku alikuwa mjukuu aliyemsindikiza. Akasema, "Walisema bibi anakojoa sana."

Kurasa zile zilikuwa na msomaji, ila msomaji mwenyewe alikuwa mtu wa malipo. Mimi niliyekuwa nimesimama na mgonjwa sikuandikiwa kitu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Lawrence Weed, alichapisha makala kwenye New England Journal of Medicine akisema mafaili ya hospitali hayaonyeshi daktari anafikiri nini. Alitaka kila faili lianze na orodha ya matatizo ya mgonjwa, na kila notsi ikae chini ya tatizo lake: mgonjwa anasema nini, daktari kaona nini, anadhani ni nini, atafanya nini. Ndiyo ile SOAP tuliyokaririshwa chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake kule Vermont walikuwa na kompyuta ya wodini yenye skrini ya kugusa. Wengi wetu humu hatukuwa tumezaliwa. Vifaa vilikuwepo zamani, kwa hiyo anayeniambia tatizo letu ni vifaa ana kazi ya kunishawishi.

Kwa wasio wa fani niwaeleze tunavyoishi. Mgonjwa mmoja wa malaria anaandikwa kwenye kitabu cha takwimu za wizara, MTUHA namba 5, anaandikwa kwenye mfumo, akiwa na bima kuna fomu ya bima, na kwenye zahanati nyingi anaandikwa pia kwenye daftari lake alilonunua dukani. Maandishi manne, mgonjwa yule yule, na nje kuna foleni. Kati ya yote manne, lililokuwa linasomwa na daktari wa kesho ni daftari. Mgonjwa anatoka nalo zahanati, analipeleka kituo cha afya, analipeleka kwa shangazi Dodoma, na popote alipofika lilifunguliwa likasomwa. Sasa mfumo umekuja, hospitalini daftari tumelifuta, mgonjwa anaondoka na risiti na mfuko wa dawa. Hadithi yake imebaki kwenye seva ya jengo alilotoka.

Karibuni. Matusi kwa madaktari yanaruhusiwa, ila kwa staha.

Kijana wa Bodaboda

Nimesoma mpaka mwisho. Mkuu, huo mwandiko wenu wa zamani nani alikuwa anausoma? Hata mwenye duka la dawa alikuwa anakisia. Kompyuta ibaki. Nimekaa siti ya mbele.

Nesi Mkunga

Daktari, umesema vizuri lakini umesahau kwamba wanaoandika kuliko wote hospitalini ni sisi. Daktari anapita raundi asubuhi anaandika mistari minne. Nesi anaandika usiku kucha.

Njoo wodi ya wazazi. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, presha ya mama kila saa nne, mkojo, njia imefunguka kiasi gani. Partografu ya karatasi, ile chati ya kufuatilia uchungu, ilikuwa inaning'inia kitandani, unapima unaweka nukta. Kompyuta iko mezani mwisho wa kordo. Wakunga wawili, vitanda vimejaa, mmoja anasukuma, mwingine anatoka damu. Unadhani tutakimbia mezani kila nusu saa? Tunaandika kwenye glovu, kwenye kiganja, kwenye kipande cha boksi la dawa, tukitulia tunaingiza. Mfumo unapiga muhuri wa saa ya kuingiza. Mkaguzi akija anakuta vipimo vya saa nne, saa sita na saa nane vyote vimeingia saa kumi na mbili kasoro. Anasema tumepika.

Kuna waliopika, sikatai, partografu ya kujazwa mtoto akishazaliwa ilikuwepo tangu enzi za karatasi. Ila huyu aliyepima kwa wakati akachelewa kuingiza anaonekana sawa na yule mpishi, na hilo linatuuma.

La pili. Fomu ina visanduku vya kila kitu isipokuwa kimoja. Mkunga wa miaka mingi anaingia chumbani, namba zote nzuri, lakini mama hamwelewi. Ametulia sana, au jicho lake halijakaa sawa. Kwenye ripoti ya zamu tulikuwa tunaandika kwa kalamu: "Kitanda cha 4 mumwangalie." Kwenye mfumo hiyo sentensi haina pa kukaa.

Tabibu wa Zamu

Dada Mkunga, hilo la kitanda cha 4 limefanyiwa kazi na wenzako. Kuna watafiti wa uuguzi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliogundua kwamba nesi akiwa na wasiwasi hubadilisha anavyoandika: anapima mara nyingi zaidi, anaingiza usiku wakati ambao hakutakiwa, anaacha maelezo ya pembeni. Wakatengeneza mfumo unaosoma hiyo tabia ya kuandika, bila kungoja namba ziharibike. Matokeo yalitoka 2025 kwenye jarida la Nature Medicine, wagonjwa zaidi ya 60,000, na pale ulipotumika hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 35.6. Jicho la nesi liliingia kwenye hesabu.

Ila angalia sharti lake: lazima muda wa kuingiza uwe karibu na muda wa kupima. Kwa kompyuta ya mwisho wa kordo, mashine ile kwetu ingesoma uchovu wenu tu.

Mbongo Ughaibuni

Wakuu, salamu kutoka Marekani. Mimi kabla ya uuguzi nilifanya kazi ambayo huko kwetu haipo: nilikuwa mwandishi wa daktari. Unamfuata daktari chumba kwa chumba na kompyuta ya magurudumu, yeye anaongea na mgonjwa, wewe unachapa. Ajira rasmi kabisa, wengi walikuwa wanafunzi wanaotaka kuingia udaktari. Jiulizeni ilikuwaje nchi tajiri ikafika mahali pa kuajiri mtu wa pili ili wa kwanza aweze kumtazama mgonjwa usoni.

Chanzo ni malipo. Tangu miongozo ya 1995 na 1997, ukubwa wa bili ya daktari ulitegemea vitu vilivyoandikwa. Kwa ngazi ya juu ilitakiwa uonyeshe umeulizia mifumo ya mwili isiyopungua kumi. Kwa hiyo mtu amekuja kidole cha mguu kimevimba, notsi inasema haoni ukungu, hakohoi, hajaharisha, halii usiku. Mwaka 2009 ikaja sheria ya kumwaga mabilioni ya dola ili hospitali zinunue mifumo ya kielektroniki. Mifumo ikajengwa kufuata ile ile hesabu ya bili: bonyeza batani moja, mifumo kumi ya mwili yote imejijaza "hana tatizo."

Matokeo yake, 2016 utafiti wa jarida la Annals of Internal Medicine ulikuta kwa kila saa moja ya daktari na mgonjwa kulikuwa na karibu saa mbili za kompyuta na kazi za mezani. Kazi ya kumalizia nyumbani usiku wameipa jina, wanaita muda wa pajama. Halafu 2022 watu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipitia notsi zaidi ya milioni 100 za hospitali zao: nusu ya maandishi, asilimia 50.1, yalikuwa yamekopiwa kutoka notsi zilizotangulia za mgonjwa yule yule. Ile furosemide yako ya siku tatu, Daktari, ina ndugu wengi huku.

Serikali ilikuja kushtuka. Januari 2021 ile hesabu ya mifumo kumi ikafutwa kwa wagonjwa wa nje, 2023 ikafutwa kwa waliolazwa na wa dharura. Sasa daktari analipwa kwa uzito wa maamuzi yake au kwa muda. Lakini mazoea hayafi kwa tangazo, na notsi hazikufupika kama tulivyotegemea.

Kuhusu mashine ya kusikiliza: ninayoiona kazini inaandika vizuri kuliko nilivyokuwa naandika mimi, nasema bila wivu. Microsoft walitangaza 2021 kuinunua Nuance, kampuni ya vyombo vya kugeuza sauti kuwa maandishi, kwa dola bilioni 19.7, mjue pesa iliyo mezani. Madaktari wa kundi la Permanente kule California waliwasha mashine ya aina hii Oktoba 2023, na ndani ya wiki 10 ilitumiwa na madaktari 3,442 kwenye mahudhurio zaidi ya 300,000. Madaktari wanaipenda kwa sababu wanamtazama mgonjwa tena. Notsi zenyewe sasa ni ndefu na zimenyooka kisarufi. Zinachosha kusoma vilevile. Na kuna mashine nyingine imeletwa ya kuzifupisha.

Kijana wa Bodaboda

Yaani moja inaandika ndefu, nyingine inafupisha, na zote zinalipiwa? Hiyo biashara naitaka.

Afisa Madai

Naona kila uzi wa afya sisi wa madai ndio wachawi. Nipeni nafasi.

Nakaa ofisi ya madai hospitali binafsi. Daktari anaandika malaria, halafu anaagiza ultrasaundi ya tumbo na kipimo cha ini. Sababu haipo. Mlipaji anakata. Mkurugenzi anakuja kwangu kuuliza pesa iko wapi. Namrudia daktari, anasema "mgonjwa alikuwa na manjano machoni." Sasa kwa nini hukuandika manjano? Maneno mawili tu yangelipa kipimo.

Wala sisi hatujawahi kuomba kurasa. Tunaomba sababu. Hiyo "kwa nini" anayoililia mleta mada kwenye furosemide ndiyo hiyo hiyo ninayoililia mimi. Na kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kadiri watu wanavyoingia kwenye bima, madai yataongezeka kwenye kila kituo, hata vile ambavyo havijawahi kuwa na mtu wa kazi hii. Daktari asiyejua kuandika sababu atakuwa hasara kwa kituo chake.

Tabibu wa Zamu

Afisa Madai, hapo tuko upande mmoja. Tofauti yetu ni kwenye mpangilio. Wewe unaweza kuchukua sababu kwenye notsi iliyoandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Mimi siwezi kumtibu mgonjwa kwa notsi iliyoandikwa kwa ajili ya madai. Ukiipa fomu ya madai nafasi ya kwanza, utapata yale aliyosimulia Mbongo: kila kitu kimeandikwa na hakuna kilichosemwa.

Fundi Mtandao

Nafanya TEHAMA kwenye halmashauri, nahudumia vituo kadhaa. Naomba niwe mtu mbaya kidogo.

Madaktari mnataka uhuru wa kuandika insha. Insha kompyuta haihesabu. Kitabu cha MTUHA kipo kwa sababu wizara inataka kujua wangapi waliugua nini, na takwimu za vituo zinaingia DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu, kila mwezi. Ukichagua ugonjwa kwenye orodha, ripoti inajitengeneza. Ukiandika "?malaria ?UTI, acha tuone," nitahesabu nini? Visanduku mnavyovichukia ndivyo vitakavyoiua ile kazi ya kukaa na kalkuleta mwisho wa mwezi.

Mifumo kutosomana, nakubali. Kiwango cha kubadilishana taarifa kipo, kinaitwa FHIR, dunia nzima inaelekea huko. Kazi ngumu iko kwingine: mtu mmoja ana namba tatu tofauti, kwako ni Neema, kwa jirani ni Nehema, tarehe ya kuzaliwa ni Januari mosi kila mahali kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Hapo waya wowote utakaovuta utaunganisha watu wasio sahihi.

Na hizo mashine za sauti, mambo matatu. Sauti inakwenda kuchakatwa wapi? Kama seva iko nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Intaneti ikikatika katikati ya mazungumzo je? Tatu, kuna utafiti wa 2024 juu ya Whisper, chombo cha OpenAI cha kugeuza sauti kuwa maandishi: kama asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyopimwa vilitoka na sentensi ambazo hakuna mtu aliyezisema. Na ilitokea zaidi kwa watu wenye shida ya kuongea, wanaokaa kimya muda mrefu kati ya maneno. Ukimya ukizidi, mashine inajaza. Sasa leta mzee wa kiharusi mbele yake.

Jirani wa Nairobi

Habari zenu watani. Mimi ni CO (clinical officer, kama tabibu kwenu) hapa Nairobi, nimefuata huu uzi kutoka mwanzo, niwape vile mambo yako upande wetu.

Kwanza historia, kwa sababu mnasahau kuna kitu kilianzia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, huko karibu na Eldoret, kilikuwa na rekodi ya wagonjwa ya kompyuta, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutoka hapo ndio ikaja programu ya rekodi za wagonjwa, OpenMRS, 2004, ambayo leo inatumika nchi nyingi, hata KenyaEMR yetu imejengwa juu yake. Kitu walifanya kwa kliniki za HIV ni rahisi sana. Daktari alikuwa anaandika kwenye fomu ya karatasi, karani anaingiza, na mgonjwa akirudi kompyuta inaprinti karatasi moja ya muhtasari: dawa anazotumia, vipimo vya kinga (CD4) vya nyuma, na chini ukumbusho kama kipimo kimechelewa. Daktari anaishika mkononi kabla mgonjwa hajaketi. Hakuna skrini kati yao.

Pili, ya sasa. Kliniki za Penda Health hapa Nairobi walifanya utafiti pamoja na OpenAI, ukatolewa Julai 2025. Vituo 15, mahudhurio 39,849. Hapo mashine haikuandikii notsi. Wewe CO unaandika mwenyewe kwenye mfumo, yenyewe inasoma kimya kimya huku ukiendelea. Mambo yakiwa sawa inaonyesha kijani, unaendelea na kazi. Ikiwa na shaka ni njano, unaweza kuangalia ukitaka. Ikiona hatari ni nyekundu, na lazima usome kabla ya kuendelea. Madaktari waliokuja kukagua mafaili walikuta makosa ya utambuzi wa ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Kwa wagonjwa wenyewe, kama walipata nafuu au hapana, tofauti haikuwa kubwa ya kutegemewa. Tusiuziane ndoto.

Lakini mnaona kitu? Mashine inasoma ulichoandika wewe. Ukiandika "kikohozi, apewe amoxicillin," haina cha kukusaidia nacho. Umri, siku ngapi, anapumua mara ngapi kwa dakika, ukiweka hivyo inakuwa na kazi. Hata sheria yetu ya afya ya kidijitali ya 2023 haiwezi kukuandikia hiyo.

Mama Pili

Samahani wakubwa, mimi si mtu wa afya. Nina mtoto mwenye selimundu, kwa hiyo hospitali ni nyumbani.

Daftari lake nimelivalisha jalada la plastiki. Ndani kuna damu alizoongezewa, lini, wapi, dawa iliyomtoa vipele, na maneno ya daktari mmoja aliyeandika kwa herufi kubwa: AKIWA NA HOMA ASISUBIRI. Nilifika hospitali moja kubwa, kijana wa mapokezi akaniambia madaftari hayatumiki siku hizi, kila kitu kipo kwenye mfumo. Sawa. Tukasafiri msibani, mtoto akazidiwa huko. Daktari wa huko ananiuliza, damu ya mwisho lini? Wingi wa damu yake ukiwa kawaida ni ngapi? Namwambia kwenye mfumo. Anasema mfumo upi mama. Nikatoa daftari, likawa limeishia mwaka juzi.

Nauliza jambo moja. Hizo notsi mnazogombania, mimi mwenye mtoto nitaruhusiwa kuzisoma? Na mbona mnaandika Kiingereza?

Mbongo Ughaibuni

Mama Pili, huku tangu Aprili 2021 ni haki ya kisheria, mgonjwa anaifungua notsi yake kwenye simu, mara nyingi hata kabla hajafika nyumbani. Madaktari waliogopa simu zingefurika. Kabla ya hapo kulikuwa na majaribio hospitali tatu kuanzia 2010, na mafuriko hayakutokea. Kilichotokea ni wagonjwa kukamata makosa: "Mmeandika mguu wa kushoto, unaouma ni wa kulia."

Tabibu wa Zamu

Mama Pili, pole sana na mtoto, na ahsante. Hiyo herufi kubwa ya AKIWA NA HOMA ASISUBIRI ni notsi bora kuliko zote zilizotajwa humu. Anaisoma mama, anaisoma mhudumu wa zahanati, anaisoma daktari bingwa, na wote wanajua la kufanya. Kiingereza tunaandika kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na dawa na vipimo vimekuja hivyo. Sioni kizuizi cha ukurasa wa mgonjwa kuwa wa Kiswahili.

Sasa nirudi kwenye mashine ya kusikiliza, maana nimeianzisha mwenyewe.

Kliniki yangu ya kawaida iko hivi. Bibi anaongea Kisukuma dakika mbili nzima, anashika kifua, anaonyesha mgongo, anamtaja marehemu mume wake. Mjukuu ananigeukia: "Anasema tumbo." Nikichimba, inatoka nyingine kidogo. Mashine itakayoelewa Kisukuma cha yule bibi nitainunua kwa pesa yangu, kwa sababu itanipa yale ambayo mjukuu anayameza. Hiyo ndiyo faida ninayoiona kwetu, kubwa kuliko kuokoa muda wa kuchapa. Lakini nyingi zinazouzwa leo zimelelewa kwa Kiingereza cha kliniki za Marekani, watu wawili chumbani, mlango umefungwa. Chumba changu kina madaktari wawili meza moja, mgonjwa anayefuata kashachungulia, na feni inapiga kelele.

Halafu kuna mambo yanayosemwa kalamu ikishalala. Mama anayepigwa nyumbani hukwambia sababu ya ule mkono kuvunjika ukiwa umeshafunga faili na unamuaga. Kijana aliyekuja na "kichwa kinauma" husema la kweli akiwa ameshashika kitasa. Wanapima kama bado unaandika. Mashine haiweki kalamu chini, na mgonjwa akijua hivyo nahofia vitu viwili hivi vitaacha kusemwa. Kwa hiyo iwe na batani ya kuzima iliyo upande wa mgonjwa, aione, aiguse mwenyewe. Msiniambie ridhaa ni saini tu kwenye fomu ya mapokezi.

Fundi, visanduku vya kuhesabia nakuachia. Chagua ugonjwa, chagua dawa, ripoti ya MTUHA ijitengeneze, na siku hiyo kitabu cha karatasi kifungwe kweli, tusibaki na vyote viwili kama tulivyo leo. Nachoomba ni sehemu ya maandishi huru isiyokubali kukopiwa kutoka jana. Ijifungue tupu kila siku. Jana isomeke pembeni, lakini isichukulike. Daktari akiwa na mstari mmoja tu wa kusema, aandike huo mmoja.

Na kabla ya sauti, kabla ya akili mnemba, nataka ile karatasi ya Eldoret. Hapa kwetu tumeanza kuijaza kwa mkono wakati wa kumpa mgonjwa ruhusa, nusu ukurasa wa A4, nakala moja anaondoka nayo. Matatizo aliyonayo mpaka sasa. Dawa zilizobadilishwa na kwa nini. Vipimo vilivyotumwa ambavyo majibu hayajarudi. Dalili za kumrudisha haraka, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Wenzangu walinung'unika kwamba ni andishi la tano. Ni kweli ni la tano. Wakaanza kupokea wagonjwa wanaorudi nayo mkononi, kelele zikapungua.

Nesi Mkunga

Ongeza mstari wa nesi. Usiupe kisanduku, uwe mstari mtupu.

Tabibu wa Zamu

Utakuwepo, juu kabisa.

Afisa Madai

Hapo kwenye "zilizobadilishwa na kwa nini" mimi nimeshapata madai yangu yanapita. Naomba mfano wake PM, nimwonyeshe mganga mfawidhi Jumatatu.

Fundi Mtandao

Mimi pia nitumie. Orodha ya dawa na vipimo visivyorudi mfumo unaweza kuvivuta wenyewe, daktari abakiwe na mistari miwili ya kuandika. Ila printa ya wodi ya wanaume haina wino tangu mwezi uliopita, mkimwona mtu wa manunuzi mkumbusheni.

Mama Pili

Na sisi wenye madaftari tuliyonayo tuendelee nayo au tuache?

Tabibu wa Zamu

Endelea nalo mama. Akikukatalia mtu wa mapokezi, pita nalo mpaka kwa daktari.